Barua ya rufaa nimeificha mpaka sendofu ya binti yangu ipite

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 49, naishi mji mdogo kando ya Ziwa Victoria. Naomba jina langu lisitajwe, maana wanafunzi wangu wa zamani wengi sasa ni watu wazima wenye simu, na jambo lenyewe ni la aibu.

Tatizo langu ni choo. Tangu ujana nilikuwa napata choo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, bila shida yoyote. Kuanzia katikati ya mwaka jana mambo yamebadilika. Naweza kukaa siku tatu, nne, sijapata choo, tumbo limejaa gesi mpaka sketi haifungi. Kikija kinatoka kigumu, vidongevidonge kama cha mbuzi, halafu siku mbili zinazofuata ni kuharisha tu. Mara nyingine nimetoka chooni sasa hivi na bado nahisi kuna kitu kimebaki. Majuzi nilikuwa darasa la tano nafundisha sehemu. Nimeandika robo tatu kujumlisha nusu, tumbo likakata ghafla. Nikasimama na chaki mkononi, jasho linanitoka, naogopa hata kugeuka. Walimu tuna matundu mawili ya choo, na moja mlango wake haufungi. Nikamwambia kiongozi wa darasa aandike majina ya wapiga kelele, nikatoka.

Damu nilianza kuiona karibu na Pasaka. Mwanzoni ilikuwa kwenye karatasi tu, nikasema ni bawasiri, kwa sababu niliwahi kuipata nilipojifungua mtoto wa pili. Siku hizi naiona imechanganyika na choo chenyewe, nyekundu iliyoiva, pamoja na ute. Si kila siku. Nguo nazo zimeanza kunilegea. Walimu wenzangu wananisifia, wanadhani nimeanza dayati.

Si kwamba nimekaa tu. Duka la dawa muhimu waliniambia ni amiba, wakanipa metronidazole, nimerudia dozi. Zahanati walinipima damu wakasema taifodi, nikapewa dawa nyingine. Kituo cha afya waliona damu yangu ni ndogo, wakasema kwa umri wangu ni mambo ya hedhi kutaka kukoma, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Mama mkwe wangu anasema hilo ni chango, anachemsha mizizi anachanganya na sanamaki, nami nakunywa kumridhisha. Ugonjwa mwingine sina, ila sukari, ambayo natumia metformin tangu mwanzoni mwa mwaka jana.

Mwezi uliopita nilirudi kituo cha afya nikakutana na daktari kijana. Alinisikiliza, akanibonyeza tumbo, akataka kunipima kwa kidole njia ya haja kubwa. Nilikataa. Mshauri, yule ni umri wa mwanangu wa kwanza. Hakukasirika. Akaniandikia rufaa niende Mwanza nikapimwe utumbo kwa kamera. Barua hiyo nimeikunja katikati ya daftari langu la maandalio ya masomo na haijatoka humo.

Sababu ni mama yangu. Alifariki akiwa na miaka 54. Tumbo lilivimba, hakupata choo, wakampasua, na kama wanavyosema watu, walifungua wakafunga. Hatukumaliza mwezi tukamzika. Nyumbani kwetu Ukerewe wazee walisema kisu ndicho kilichoutawanya ugonjwa. Wengine wananituliza kwamba kansa ya utumbo ni ya wazungu, sisi watoto wa wavuvi tuliokulia dagaa na mihogo haitupati.

Na kuna sendofu ya binti yangu mwishoni mwa Novemba. Kadi zimeshachapwa, michango imeanza kuingia, sare zimeshonwa. Nikienda sasa wakaniambia ni kansa, vikao vya kamati vitageuka vikao vya msiba. Mume wangu hajui chochote. Usiku naamka mara kwa mara, kwa hiyo nimehamia chumba cha wageni nikisingizia joto. Ameanza kununa. Juzi kaniuliza kama nina mtu mwingine.

Je, nisubiri sendofu ipite? Nimwambie mume wangu, au nimalize kwanza? Na kuna dawa gani ya kunisawazisha choo wakati nasubiri?

Mwalimu, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba Mwalimu, na pole sana.

Kwanza, aibu iweke kando ukiwa hapa. Kabla ya safu hii nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na habari za choo nimezisikia kutoka kwa wakubwa na wadogo, mashehe na wachungaji. Ulivyoziandika wewe, kwa mpangilio, na lini kilianza kipi, ndivyo daktari anavyotamani kila mgonjwa aeleze. Barua hii hii unaweza kumpa aisome, usilazimike hata kufungua mdomo.

Nieleze nilivyokuelewa. Choo chako kimebadilika kwa zaidi ya mwaka. Kuna damu, na ilikotokea imeanza kubadilika: zamani juu ya karatasi, sasa ndani ya choo. Unapungua bila kukusudia, damu mwilini imeshuka, usiku hulali. Mama yako alifariki kwa ugonjwa wa tumbo akiwa na umri usio mbali na wako. Rufaa unayo. Kinachokuzuia ni hofu ya jibu, na tarehe ya binti yako. Na haya yote unayabeba ndani ya nyumba yenye watu wanaokupenda, bila hata mmoja wao kujua.

Kilichonishika zaidi katika barua yako ni hiki. Duka la dawa walisema amiba. Zahanati taifodi. Kituo cha afya hedhi. Mama mkwe chango. Wewe mwenyewe ulianza na bawasiri, na sasa moyoni umeshasema kansa. Majina sita, na hakuna hata mtu mmoja aliyetazama. Yule kijana uliyemkatalia ndiye pekee ambaye hakukupa jina. Alisema tuangalie.

Naomba tuyapitie majina hayo taratibu, kwa sababu kila moja lina ukweli wake kidogo.

Amiba ipo, inaweza kuleta damu na ute, na metronidazole inaitibu vizuri. Ndiyo maana najiuliza: kama ingekuwa amiba peke yake, dozi ulizorudia zisingekupa nafuu inayokaa? Taifodi nayo ipo sana kwetu, lakini kipimo cha damu kinachotumika zahanati nyingi, kile cha Widal, ni cha tangu mwaka 1896, na hakitafuti bakteria wenyewe. Kinatafuta kingamwili, na hizo zinaweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona, au kuamshwa na maambukizi mengine. Taifodi yenyewe kwa kawaida huja na homa inayopanda siku hadi siku. Hujataja homa.

Hedhi, sawa, mwanamke wa miaka 49 anaweza kupoteza damu nyingi hedhi inapokaribia kukoma. Lakini hukuniambia kama hedhi yako imezidi. Kama haikuzidi, basi damu imekwenda wapi? Unaiona chooni kila baada ya siku chache. Vidonge ulivyopewa vinajaza pengo, havisemi pengo limetokana na nini.

Halafu kuna jambo ulilolitaja kwa mstari mmoja ukapita, nami nimelirudia zaidi ya mara moja: metformin. Ulianza kuinywa mwanzoni mwa mwaka jana, choo kikabadilika katikati ya mwaka huohuo. Dawa hii inajulikana kwa kuharisha, gesi na tumbo kuunguruma, na kuna wanaosumbuliwa nayo kwa muda mrefu. Vidonge vya kuongeza damu kwa upande wao hufunga choo na kukifanya cheusi. Sanamaki ya mama mkwe ni dawa kweli, hata hospitali hutumia dawa itokanayo na mmea huo. Kazi yake ni kuusukuma utumbo, kwa hiyo ukiinywa ukaharisha, imefanya kazi yake. Na kuna hili pia: choo kigumu kikikwama, maji huweza kupenya pembeni yake yakatoka kama kuharisha, mtu akanywa dawa ya kuzuia kuharisha na kujifunga zaidi. Kwa hiyo inawezekana sehemu nzuri ya huku kufunga na kufunguka ni vitu vitatu unavyomeza, kimoja kinavuta huku na kingine kule. Hiyo ni habari njema, kwa sababu dawa zinaweza kupangwa upya. Metformin usiiache mwenyewe, sukari ikipanda utakuwa na tatizo la pili. Inywe pamoja na chakula, na muulize daktari kama ipo ile inayoyeyuka taratibu, ambayo wengi huivumilia vizuri zaidi.

Lakini Mwalimu, hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachoeleza damu iliyochanganyika na choo. Hapo ndipo sitaki tupite haraka.

Damu nyekundu inayodondoka baada ya choo, au inayobaki kwenye karatasi, mara nyingi hutoka karibu na mlango: bawasiri, au mchaniko mdogo ambao huuma kama wembe. Damu iliyochanganyika na choo, tena yenye ute, kwa kawaida imetoka juu zaidi. Kuwa na bawasiri mwaka ule hakuzuii kuwa na kitu kingine mwaka huu, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Watu wengi wana utumbo unaovurugika kwa mawazo: huuma, hujaa gesi, hufunga na kuharisha kwa zamu, na vipimo vyote hutoka safi. Ni ugonjwa wa kweli wala si wa kujitakia, na mwenye kuandaa sendofu huku akificha siri kubwa ana kila sababu ya kuupata. Ila huo hautoi damu na haupunguzi mtu mwili. Kuamka usiku kwa ajili ya choo nako si kawaida yake.

Sasa Ukerewe. Ulipoandika kwamba ninyi ni watoto wa wavuvi, nilifikiria kichocho kabla ya kansa. Kichocho cha kule ziwani ni kile cha tumbo, tofauti na cha pwani kinachotoa damu kwenye mkojo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, na mayai yake hupenya ukuta wa utumbo ili yatoke na choo. Ndiyo maana huleta damu, ute, maumivu na upungufu wa damu. Minyoo hiyo inaweza kuishi mwilini miaka mingi, na wewe hukuacha kuishi kando ya ziwa. Kipimo ni cha choo, ni cha bei nafuu, na dawa yake, praziquantel, hupatikana. Nashangaa hakuna aliyekuomba choo tangu mwaka jana! Mayai yanaweza kukosekana katika sampuli moja, kwa hiyo wakisema hakuna kitu, omba warudie siku nyingine. Ila nakuomba jambo moja: wakikuta kichocho, tibiwa, lakini usilifunge daftari hapo. Mtu wa ziwani anaweza kuwa na kichocho na kingine juu yake.

Tuiseme na kansa, kwa kuwa hata tusipoisema utakuwa unaiwaza.

Hilo la kwamba ni ya wazungu lina historia yake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946, miaka mingi akiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu mno kwa wagonjwa wake kuliko Ulaya, na miaka ya 1970 akaeleza kwamba sababu ni chakula: ndizi, mihogo, viazi, maharage, mboga za majani, vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi na choo kisichokaa tumboni. Aliyoyaona yalikuwa ya kweli kwa wakati ule. Ila yalikuwa ya sahani, si ya rangi ya ngozi. Angalia sahani zetu leo: sembe badala ya dona, chipsi, mkate mweupe, soda kila sherehe. Hospitali zetu kubwa zimekuwa zikipokea wagonjwa wa aina hii kuliko zamani, na baadhi yao ni vijana.

Kuhusu kisu cha mama yako, nakuuliza kwa upole: una hakika mama alikuwa na kansa? Tumbo lililovimba ghafla bila choo linaweza pia kuwa utumbo uliojisokota, jambo linalotokea sana Afrika Mashariki. Linaweza kuwa uvimbe wa ovari. Na kama ilikuwa kansa, walipofungua wakafunga, inaelekea waliikuta imeshatapakaa. Kisu kilifika mwisho wa safari, ndiyo maana kikalaumiwa. Kamera haiko hivyo hata kidogo. Ikikuta kitu hukata kinyama kidogo kuliko punje ya mchele, na hilo halitawanyi ugonjwa. Ulizia kwa kaka na dada zako kama kuna karatasi yoyote ya hospitali ya mama iliyobaki. Si kwa ajili yako peke yako. Mzazi akiwa aliugua saratani ya utumbo, miongozo mingi hushauri watoto wake waanze kupimwa wakiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao mzazi aligunduliwa, hata kama hawana dalili.

Na hiki nadhani hujaambiwa: saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama vinyama vidogo ukutani mwa utumbo, visivyo na madhara, ambavyo kwa kawaida huchukua miaka kumi hivi au zaidi kugeuka. Mwenye kamera akivikuta huvikata palepale. Kwa hiyo unaweza kuingia na tatizo ukatoka limeondolewa siku hiyohiyo. Hata kama ni saratani, ikikutwa bado haijatoka kwenye ukuta wa utumbo, mara nyingi upasuaji peke yake hutosha.

Sasa swali lako la kusubiri. Sitakuamulia, kwa sababu mwili ni wako na binti ni wako. Nitakueleza ninavyoona kila njia inakoelekea.

Ukisubiri, utalinda furaha ya Novemba, na hilo si jambo dogo kwa mama. Inawezekana kabisa miezi hii isibadilishe kitu. Lakini unawekea dau kitu ambacho hukijui. Damu inaweza kuendelea kushuka mpaka uanguke ukiwa umevaa sare. Kama kuna kitu kinachoziba, kinaweza kuziba kabisa wakati wowote, hata wiki ya sendofu, na hapo ndipo watu hupasuliwa kwa dharura, katika hali ile uliyoiona kwa mama. Tena najua sherehe zetu zilivyo. Baada ya sendofu kuna harusi, baada ya harusi Krismasi, na Januari shule zinafunguliwa na ada zinadaiwa. Mwezi wa kusubiri hautangazi kwamba umekwisha.

Ukienda sasa, hatari uliyoitaja ni ya kweli: unaweza kupewa jibu zito kabla ya siku ya binti. Ila kupimwa na kutangaza ni mambo mawili. Kinyama kikikatwa, majibu ya maabara huchukua siku au wiki, na majibu hayo ni yako. Ni wewe utakayeamua nani aambiwe na lini, kamati isijue chochote mpaka keki ikatwe. Na kuna jibu jingine ambalo hofu imelifunika kabisa: kwamba ni kichocho, au vinyama, au michubuko ya utumbo inayotibika kwa dawa, ukacheza kwenye sendofu huku tumbo limetulia.

Ipo pia njia ya katikati, kwa mtu ambaye Mwanza bado ni mlima kwake. Rudi kituo cha afya kwa asubuhi moja: pima choo, pima tena wingi wa damu, na kubali kile kipimo cha kidole. Una haki ya kuomba daktari au muuguzi wa kike akupime, au muuguzi wa kike asimame pembeni. Unalala ubavu, umefunikwa shuka, na dakika haiishi. Kidole kinaweza kugusa uvimbe ulio karibu na mlango, na kinaweza pia kukuta bawasiri. Ubaya wa njia hii ni kwamba inafariji haraka. Kidole hakifiki mbali, na majibu safi ya kituo hayafuti ile barua iliyo kwenye daftari.

Nikueleze na kamera ilivyo, maana naona unaiogopa bila kuijua. Siku ya kabla yake unakula vyepesi, kisha vinywaji tu visivyo na rangi nyekundu, halafu unakunywa dawa iliyochanganywa na maji mengi ili utumbo usafike. Huo ndio usumbufu mkubwa, kaa karibu na choo. Kwa sababu una sukari, wakumbushe mapema wakupangie metformin ya siku hiyo. Waambie pia kuhusu vidonge vya damu, kwa kawaida husimamishwa siku kadhaa kabla kwa kuwa hutia giza utumbo. Siku yenyewe unalala ubavu wa kushoto, mara nyingi unachomwa dawa ya usingizi mwepesi, na kwa kawaida haizidi saa moja. Madhara makubwa kama kutoboka kwa utumbo hutokea kwa nadra sana, muulize daktari akueleze. Kadi yako ya bima ipitishe dirishani kwanza, uulize kama kipimo kinahitaji kibali. Na kama utahitaji matibabu zaidi, huduma za saratani zipo hospitali ya Bugando hapohapo Mwanza. Zamani wagonjwa wa Kanda ya Ziwa ilibidi waende hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Baada ya usingizi ule hawakuruhusu kuondoka peke yako. Lazima awepo mtu wa kukurudisha. Hapo tunafika kwa mume wako.

Umeniuliza umwambie au umalize kwanza. Nami nakuuliza: yeye sasa hivi anaamini nini? Mkewe amehama chumba, anapungua mwili, anakwepa maswali. Umemwachia nafasi tupu na ameshaijaza na mwanamume mwingine. Hajakosea kuona kwamba kuna siri, amekosea siri yenyewe. Ukinyamaza ili kumlinda, anaumia kwa jambo ambalo halipo. Ukimwambia, kuna hatari ataogopa, au atamweleza mama yake, na mama yake ataleta mizizi mingine. Wewe ndiye unayemjua. Kama ni mtu wa kutunza neno, huhitaji kuanza na kansa wala na mama. Unaweza kusema hivi tu: "Baba fulani, sikuhamia kule kwa sababu ya joto wala ya mtu. Tumbo linanisumbua, napata damu chooni, nimepewa rufaa na naogopa kwenda peke yangu." Kisha mpe barua aisome. Kama unaona yeye hatabeba, basi mtafute dada yako au mwalimu mwenzako mmoja. Ila usibaki bila mtu.

Dawa ya kusawazisha choo sitakuandikia, na si kwa ubahili. Kila dawa mpya itaficha kitu ambacho daktari anahitaji kukiona. Sanamaki ningekuomba uipumzishe, umwambie mama mkwe kwa heshima kwamba daktari amezuia kila kitu mpaka vipimo. Usinywe vidonge vya kuzuia kuharisha wakati kuna damu. Maji, mchicha, papai, dona badala ya sembe, ukiongeza kidogo kidogo maana ukizidisha ghafla gesi itaongezeka. Kwenye kurasa za mwisho za daftari lolote andika kila siku: umepata choo au hapana, kigumu au maji, damu ipo au haipo, umekula nini, umemeza nini. Mara tatu kwa siku mpaka mara tatu kwa wiki yote ni kawaida, kwa hiyo usihangaike na idadi. Tafuta kilichobadilika kwako.

Kuna hali ambazo hazisubiri rufaa wala mume wala Novemba: damu ikitoka kwa wingi, choo kikiwa cheusi kama lami na chenye kunata (vidonge vya damu huleta weusi pia, lakini weusi huo haunati), kizunguzungu au moyo kwenda mbio ukisimama, au tumbo kuvimba na kuuma huku hata hewa haitoki na unatapika. Siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, nenda hospitali.

Wiki hii, kabla hujaamua lolote, unaweza kupiga simu Mwanza kuuliza foleni ya kamera ikoje na tarehe ya karibu ni lini. Kuuliza hakukufungi. Inawezekana tarehe watakayokupa ikaangukia mbali na sendofu ukawa umejisumbua bure, au ikaangukia wiki ijayo, na hapo utakuwa unaamua ukiwa na tarehe halisi mkononi. Ukiipata niandikie. Kama kuna maswali ya kumuuliza daktari ambayo yanakupa shida kuyatamka, yatume pia, nitakusaidia kuyapanga kwenye karatasi kabla hujaingia.